Nahodha Kwenye Foleni ya Maji

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Sigor

Shule zilifungwa jana, leo mchana tumeanza. Wamekuja wanne: binti wa kaka, yuko kidato cha tatu, jirani yetu wa bodaboda, karani anayepima maziwa asubuhi, na mwanafunzi wangu wa zamani anayesubiri kuitwa chuoni, ambaye mamake huchuma chai upande wa Konoin. Tuliketi katika jiko la zamani la Kogo, nyanya yangu, mahindi yakichomwa pembeni. Meza yetu ni mlango wa kabati uliong'oka, tumeulaza juu ya kreti mbili za soda.

Mchezo huu nilifundishwa chuoni na mwenzangu wa chumba. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, na hadithi inakwenda kwa mazungumzo. Ulianzia Marekani mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Wenyewe hutumia dadu ya pande 20. Sisi tuna vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa namba kwa wino mweusi, ndani ya mfuko alioushona binti wa kaka kutoka kwa sare yake kuukuu. Unachota, unasoma, unarudisha, unatikisa. Vijana wameuita mchezo wa vizibo na jina limekaa.

Adui niliyewaandalia ni nahodha wa maharamia. Nilimtoa katika Kisiwa Chenye Hazina, ile tafsiri ya Frederick Johnson ya kitabu cha Stevenson. Nilimpa mguu mmoja, gongo, kasuku begani, na tanga jeusi juu. Nilikaa naye usiku mbili nikimwandika. Dereva wa bodaboda, anayecheza shujaa wa shoka aitwaye Nyundo, alichota kizibo cha 20 mara ya kwanza, na nahodha akaanguka baharini kabla hajamaliza hotuba yake.

Walishangilia, lakini si kwa muda. Karani akaniuliza, "Sasa mwalimu, huyu alikuwa anataka nini?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo limenikaa kifuani mpaka sasa ninapoandika. Mtu asiyetaka kitu hawezi kuogopwa, hata umvike nini.

Jumatatu, 4 Agosti

Kumbe Kogo alikuwa akitusikiliza toka chumbani. Leo nimempelekea uji, akaniambia nikae.

"Yule wenu wa mguu mmoja, anayetembelea gongo. Mimi namjua. Ni chemosit."

Nilimsikia chemosit nikiwa mdogo kuliko meza, lakini sikuwahi kumsikia kwa utulivu, maana siku hizo tukitishwa naye tulijifunika blanketi. Leo Kogo alinipitisha polepole. Nusu mtu, nusu ndege. Mguu mmoja. Fimbo yake ni kama mkuki na ndiyo anayoegemea. Mdomo ni mwekundu, na usiku unawaka kama taa. Huimba msituni gizani. Watoto wakiona ule mwanga na kusikia ule wimbo wanadhani kuna ngoma, wanatoka nyumbani, wanakwenda.

"Hakimbizi mtu," akasema. "Ana mguu mmoja, atakimbiza nani? Wanamwendea wenyewe."

Nimerudi nyumbani nikaandika maneno hayo juu ya ukurasa mpya, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Nahodha wangu nilimfanya akimbize. Nilimpa meli yenye kasi na mizinga na mdomo mrefu. Sikumpa taa.

Jumatano, 6 Agosti

Mtu wa namna hiyo amewahi kuwa kwetu, tena nimemfundisha darasani kwa sentensi mbili na kumpita. Mir Ali Bey.

Usiku huu nimezitoa daftari zangu za chuo. Alitoka Bahari ya Shamu mwaka wa 1585, akijiita mjumbe wa Sultani wa Waturuki, na merikebu chache kiasi kwamba mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akateremka na kaskazi: Mogadishu, Barawa, Pate, Lamu, mpaka Mombasa. Hakuwa na jeshi la kuuteka hata mji mmoja kati ya hiyo kwa nguvu. Miji ilimfungulia. Ilikuwa imechoka na Wareno. Kilwa na Mombasa zilikuwa zimeporwa na Francisco de Almeida mwaka wa 1505, na tangu hapo jahazi lisilo na hati ya Mreno lilihesabiwa kuwa halali yake. Malindi peke yake ndiyo iliyobaki na Wareno. Ali Bey akachukua mateka na mali, akarudi na kusi alikotoka.

Ninachotaka vijana wakione ndicho hiki kinachofuata. Yeye alipokwisha kuondoka, miji ilibaki pale pale ilipo. Mwaka wa 1587 Wareno walileta merikebu kutoka Goa kuja kuadhibu. Faza, kule kisiwani Pate, waliua watu, wakateketeza mji, wakaingia mashambani wakakata minazi. Mnazi hauna bunduki. Unaukata ili mtoto ambaye hajazaliwa aje akose. Na yule aliyewaahidi Wafaza ulinzi alikuwa mbali, akingoja upepo wake ugeuke.

Wareno walimwita haramia. Pwani walimwita kwa heshima. Sioni haja ya kuchagua. Nahodha wangu mpya atakuwa hivyo: atakuja na upepo unaojulikana, ataalikwa, na madhara yake yataonekana akiwa hayupo.

Nimempa jina: Nahodha Kaskazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumecheza saa nne na hakuna aliyeangalia simu.

Nilichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mji nimeuita Mwamba Tisa, kisiwa cha matumbawe chenye visima vitatu, msikiti, soko na lango moja la bandari. Maharagwe mekundu ndiyo meli. Wahusika wao wanaishi hapo sasa. Kabla ya chochote nilimtaka kila mmoja aniambie nyumba yake iko wapi na anakula kwa nani. Mwanafunzi wangu, anayecheza mchawi Mzee Ukungu, alichora mnazi mmoja nje ya nyumba yake, akauwekea hata kivuli.

Mji unanyonywa na watu wa Ngome, ambao kila mwaka hudai dhahabu. Usiku wa pili nikazima taa ya sola. Nikawasha tochi ya simu na kuifunika kwa kitambaa chekundu, nikaiweka mwisho wa meza, mbali kabisa na kisiwa. Nikaanza kuimba kwa sauti ya chini, bila maneno.

Kimya. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati.

Dereva, mtu anayevuka Chepalungu usiku peke yake na abiria asiowajua, alirudisha kiti nyuma. "Mwalimu, zima hiyo." Karani naye hakuondoa macho kwenye ule mwekundu. Hakuna niliyemweleza habari za chemosit. Wote walilelewa hapa.

Asubuhi yake nahodha alishuka, mtu wa makamo, miguu yote miwili, kanzu safi, sauti ya upole. Mguu mmoja na gongo nimemwachia chemosit mwenyewe. Hakudai kitu. Aliuliza wagonjwa wako wapi, akatoa nguo za kuwafunika. Akasema yeye na watu wa Ngome ni maadui wa damu. Akaomba nafasi ya kutia nanga, na maji.

Wakapiga kura. Watatu walimkubali. Binti wa kaka, anayecheza tabibu Mwanajahi, alisema hapana, lakini alipoulizwa sababu alisema tu kwamba mtu mwema hafiki usiku.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada mzee mmoja wa boma la jirani alinishika mkono, amesikia kwamba tunafundisha vijana wizi wa baharini. Nilimweleza kwa adabu. Akafikiri. Alikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakifuata nyayo za ng'ombe walioibwa, enzi zile, kuelekea mpakani.

"Mwizi wa ng'ombe hatukumtafuta," alisema. "Mwizi hulala nje kama fisi. Tulitafuta boma lililompa mahali pa kulaza ng'ombe. Ukilipata hilo, mwizi amekwisha."

Nilimshukuru, kongoi, na nikarudi nyumbani nikiwa nimebeba kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Barabara ya kuteremka mtoni imekatika kwa mvua. Vijana wamesimama pale na majembe, wanasukuma magari kwa shilingi mia mbili. Dereva wetu alinionyesha kitu ambacho sikukiona: tope la juu ni la mvua, lakini shimo la katikati kingo zake zimenyooka. Jembe limepita hapo usiku.

Basi Nahodha Kaskazi ataanza kuuza hati. Kila jahazi la Mwamba Tisa litakalobeba hati yake halitaguswa na maharamia. Hawatajua kwamba maharamia hao ni merikebu zake mbili nyingine zilizojificha nyuma ya kisiwa. Au watajua, kama watatazama kingo za shimo.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo niandike kwa makini, maana sitaki kusahau hata kidogo.

Walikuwa wamegundua ile hila ya hati. Karani ndiye aliyeigundua. Kazi yake ya kila siku ni kulinganisha lita alizoandika mkulima na lita zilizomo ndani ya mkebe, na aliona majahazi yanayoibiwa ni yale tu ambayo wenyewe walikataa kulipa wiki hiyohiyo. Wakashika silaha. Nyundo anataka kupanda merikebu usiku, Mzee Ukungu anataka kuita dhoruba. Niliwaambia hali ilivyo: merikebu ya makasia, mizinga minne mbele, watu wenye silaha sitini, wapiga makasia mia mbili waliofungwa minyororo kwenye mabao. Kushinda kwa vita wangehitaji vizibo vya namba kubwa mara nyingi mfululizo. Uwezekano wa kuchota 20 ni mmoja katika ishirini, na Nyundo alishaimaliza bahati yake wiki ya kwanza.

Wakabishana. Binti wa kaka hakusema lolote. Alikuwa akitazama yale maharagwe.

"Baba mdogo," akasema, "hao mia mbili wanakunywa maji ya wapi?"

Nikamwambia ya visimani, nahodha aliomba maji tangu siku ya kwanza, mji ukakubali.

"Wanakunywa kiasi gani?"

Mtu anayepiga kasia kutwa juani, nikasema, tumpe lita tano. Hilo si la kubuni sana. Merikebu za makasia ndivyo zilivyokuwa: tumbo jembamba, watu wengi, hakuna mahali pa kuweka mapipa ya kutosha, na kila baada ya siku chache lazima ziguse nchi kavu kutafuta maji. Mizinga haikuwafaa kitu kwa kiu.

Akachukua kalamu. Mia mbili mara tano, lita elfu moja. Akagawanya kwa ishirini. "Mitungi hamsini. Kwa siku." Akainua uso. "Nani anaibeba?"

Hakuna aliyejibu. Binti huyu huteremka mtoni alfajiri na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukamba ukiwa kwenye paji la uso, kabla ya shule. Ana alama pale ukamba unapokaa, ngozi imelainika na kung'aa kidogo. Nimemwona nayo miaka yote bila kuiona.

"Ni wanawake wa mji," nikasema. Sikuwa nimeandika hivyo popote. Lakini hakuwezi kuwa na jibu lingine.

"Basi si nahodha aliyeuteka mji," akasema. "Ni sisi tunaombeba. Kila asubuhi. Kwa mgongo."

Wengine wakaweka chini silaha zao za karatasi. Tabibu Mwanajahi akaondoka, akaenda nyumba kwa nyumba. Nililazimika kuwaigiza wanawake kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Mmoja mumewe anauza samaki kwa mabaharia. Mmoja anaogopa. Mmoja mwanawe amepata kazi kwenye merikebu na amenunua kanga mbili. Binti alizungumza na kila mmoja wao kwa jina la heshima linalomstahili, bi mkubwa huyu, mwanangu yule, na hakumharakisha yeyote. Mara tatu tu ndipo alipochota kizibo. Namba zake zilikuwa 9, 14, na 6. Ile 6 ilikuwa ya mwenye kanga. Alikataa, na binti akasema, "Sawa, bi mkubwa. Mitungi yako miwili haitatosha," akaenda nyumba inayofuata.

Tulipomaliza giza lilikuwa limeingia. Kogo aliita toka chumbani kuuliza kama wamefunga kisima.

Jumanne, 19 Agosti

Dereva amekuja peke yake kuniuliza kama yule nahodha wa kweli, Ali Bey, walimmaliza kwa maji. Nikamwambia hapana, na nikamsimulia yaliyobaki.

Alirudi mara ya pili na kaskazi, na merikebu tano, akajenga boma Mombasa. Safari hii Wareno walimjia Machi 1589 na kundi kubwa kutoka Goa chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Wakati huohuo Wazimba, watu wa vita waliokuwa wamepanda kutoka kusini, walikuwa wamepiga kambi bara ng'ambo ya Makupa wakitaka kuvuka kuingia kisiwani. Ali Bey alikuwa ameweka merikebu kwenye kivuko kuwazuia. Wareno walipoziteka merikebu, kivuko kikabaki wazi, Wazimba wakavuka. Watu wa Mombasa walikimbilia majini, kwenye mashua za adui wao wa jana, ili wasiuawe na adui wa leo. Miongoni mwa waliookolewa kutoka majini alikuwamo Ali Bey. Alipelekwa Goa, kisha Lisbon. Miaka minne baadaye, 1593, Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu.

Dereva alikaa kimya. Mjomba wake huendesha lori la chai mpaka Mombasa, na aliwahi kumsimulia mambo ya mwaka 2009, Maersk Alabama ilipofikishwa bandarini baada ya kutekwa na Wasomali. "Na wale," akasema, "wakikaa na meli miezi, mbuzi na miraa walikuwa wanapata wapi?"

Kwa mkopo, nikamwambia, kutoka kwa wafanyabiashara wa nchi kavu, wakilipwa fidia ikija.

Akatikisa kichwa taratibu. "Daima kuna mtu wa nchi kavu." Akawasha pikipiki akaenda zake.

Jumamosi, 23 Agosti

Kikao cha mwisho. Jumatatu shule zinafunguliwa.

Siku ya tatu bila maji. Niliwasimulia merikebu ikiwa imetulia kama kitu kilichosahauliwa, makasia yananing'inia. Usiku ile taa nyekundu iliwaka, wimbo ukaanza, lakini safari hii sauti ilikuwa imekauka, na mjini hakuna mlango uliofunguliwa. Nilitarajia Nyundo aseme sasa ndio wakati wa kushambulia. Hakusema. Alikuwa ameweka shoka lake kando ya kisima cha pili na kukaa hapo.

Alfajiri nahodha alishuka mwenyewe na mashua ndogo. Bila upanga. Akapita lango, akapita soko, akafika kisimani ambapo Mwanajahi alikuwa na kamba mkononi. Akasema, "Bi mdogo, naomba maji."

Nilisema hivyo na kunyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu: amkatae, amuue, amfunge, amsamehe. Mfuko wa vizibo ulikuwa katikati ya meza.

Binti wa kaka hakuugusa. Alifikiri kwa muda mrefu, hata karani akataka kusema kitu na mwanafunzi wangu akamshika mkono.

"Funguo za minyororo anazo?"

"Anazo."

"Azitoe."

Nahodha akazitoa. Nilimfanya asite kwanza, kwa sababu angesita.

"Wale mia mbili waje," akasema binti. "Wanakunywa wao kwanza, mmoja mmoja, na kila mmoja ananiambia jina lake na mji wake. Naandika." Alikuwa kweli amefungua ukurasa mpya wa daftari lake la hesabu. "Nahodha atasimama nyuma ya wa mwisho."

Kwa hiyo tukaanza. Niliwabuni, mmoja baada ya mwingine: huyu ni wa kisiwa cha kaskazini, fundi wa kushona mitepe, huyu hakumbuki mji, anakumbuka mto tu, huyu ni mtoto. Dereva akaanza kunisaidia kuwabuni, kisha karani, kisha wote. Mwanafunzi wangu alimleta mmoja aliyekatiwa minazi yake yote. Walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini na binti akiandika, na Kogo amekuja kukaa mlangoni na sotet yake ya mursik, kibuyu cha maziwa ya kuganda, akasikiliza, ingawa hadithi ilikuwa kwa Kiswahili na yeye Kiswahili humchosha.

Saa kumi na mbili wakaitwa makwao. Tulikuwa tumefika mtu wa thelathini na saba. Nimeziacha kalenda na maharagwe juu ya mlango wa kabati kama zilivyo. Nahodha Kaskazi bado yuko kwenye foleni, jua limemfika usoni, na mbele yake wamebaki mia moja sitini na watatu.